Kilomita Tisini na Sita

Kila asubuhi, saa mbili kasoro robo, mtu mmoja katika Uwanja wa Ndege wa Ikanga alitakiwa kuandika namba nne kwenye cheti cha umbali. Kwa miaka sita, isipokuwa siku alizokuwa njiani akipima, mtu huyo alikuwa Nyamizi. Namba mbili za juu zilikuwa za angani: Ikanga hadi Ndulwe, kilomita 1,140, muda wa safari, dakika kumi na moja. Mbili za chini zilikuwa za ardhini: Ikanga hadi kijiji cha Mwasenga, kilomita 96, muda kwa gari, saa mbili. Watu walizishangilia zile za juu. Za chini ziliwekwa ili kuthibitisha kwamba maajabu ya juu hayamuumizi mtu. Mashine ilizisoma, ikiridhika iliwasha taa ya kijani, na ndege iliyokuwa ikisubiri Ndulwe iliingia kwenye ujia, ile njia ya angani iliyofupisha umbali, na kutokea Ikanga kabla rubani hajamaliza chai yake.

Asubuhi hiyo, siku ya kumi na moja tangu mdogo wake Kabula aanze safari ya miguu kutoka Mwasenga, Nyamizi alishika kalamu asiandike kitu.

"Dada," redio ya mezani ilisema. "Upo?"

"Nipo, Kabula. Mwanao Limi kaamkaje?"

Kimya. Nyamizi aliusikia ule ukimya, na uliuma kuliko neno. Siku tatu hizi Kabula alikuwa anachelewa kumjibu. Juzi kidogo tu, jana zaidi, leo hadi mtu anadhani betri imekufa. Ndivyo alivyonuna tangu utoto, ukimwuliza kitu anakuacha ungoje mpaka uone haya mwenyewe.

"Kaamka," Kabula alisema hatimaye. "Ananiuliza kwa nini mnara hauji. Tumetembea tangu alfajiri na unaonekana palepale. Dada, uliniambia siku tatu."

Ni kweli alimwambia. Kisima cha Mwasenga kilipokauka, watu arobaini na wawili walikusanya vyombo vyao, na kabla ya kuondoka Kabula alipiga redio kumwuliza dada yake mpima njia ni mwendo gani hadi Ikanga. Nyamizi alijibu bila hata kufungua daftari. Kilomita tisini na sita, siku tatu za kutembea na watoto, bebeni maji ya siku tano. Alijibu kwa kujiamini kwa sababu njia ile alikuwa ameipima mara mia tatu na kitu, kwa miguu yake mwenyewe, akisukuma gurudumu la kupimia.

Ila aliipima akienda tu.

Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Wapima wa Ikanga walisukuma gurudumu hadi Mwasenga kwa siku tatu, na wakifika huko walipanda ndege. Siku hizo ujia ulikuwa na mlango wa kati palepale kijijini, na ndege ikisimama dakika moja iliwarudisha nyumbani kwa dakika mbili. Nani angerudi kwa barabara, juani, na malengelenge miguuni, wakati kiti kipo na soda baridi ipo? Kwa hiyo safu ya "kurudi" kwenye daftari walijaza namba ileile ya kwenda. Njia ni njia, walisema.

Watu wa Mwasenga walilalamika. Waliandika barua mwaka juzi kwamba ng'ombe waliozoea kufika mnada wa Ikanga siku ya nne sasa wanafika siku ya saba, wamekonda. Barua ile ililetwa kwa Nyamizi atoe maoni ya kitaalamu. Aliandika pembeni, kwa mwandiko mzuri: *Ng'ombe si kipimo. Malalamiko hayana msingi.* Alicheka alipoandika, na Mhandisi Machibya, mkuu wa uwanja, alicheka alipoisoma. Wiki mbili zilizopita, kwa kutegemea cheti hichohicho cha kilomita tisini na sita, mlango wa kati uling'olewa kwa kuwa ulichelewesha ndege bila sababu. Kijiji kilicho saa mbili tu kwa gari kina shida gani ya mlango?

"Kabula," alisema sasa, "nisikilize. Leo sifungui ujia."

Akangoja. Akangoja tena.

"Ukiufunga, njia itaacha kurefuka?"

"Itaacha."

Alikuwa na hakika na hilo. Mzee Ng'wandu, dereva wa boza la maji, ndiye aliyewafungua macho. Siku ya tano alitumwa kuwatafuta, akawakuta kilomita thelathini na nane tu kutoka uwanjani, kando ya mawe mawili wanayoyaita Mawe ya Kulwa. Alitumia chini ya saa moja. Akapakia watoto na wazee juu ya boza, akageuza kurudi. Akaendesha kilomita mia tano na arobaini, mafuta yakaisha, na mnara wa Ikanga bado ulikuwa mbele yake ukubwa uleule. Akajaza pipa maji, akageuka na abiria wake kurudi walikotoka kwa miguu, na baada ya nusu saa wakawakuta wenzao. Hapo ndipo Machibya alipofungua vitabu vya waliouunda ujia na kukuta maelezo ambayo hakuna aliyekuwa ameyajali: umbali haupotei. Ukiuvuta upande huu, unachomoka upande mwingine, kama chandarua kifupi. Mlango wa kati ulikuwa ukisambaza mvuto huo. Bila mlango, wote uliangukia njia moja, ya kurudi. Kwa nini ya kurudi tu na si ya kwenda, vitabu havikusema. Vilisema tu kwamba kila ndege inapopita, njia hiyo huongezeka.

Huongezeka kwa kiasi gani, ukurasa huo ulikuwa na mchoro ambao Machibya alikiri haujui kichwa wala miguu.

Nyamizi aliinamia cheti. Kwenye namba ya tatu hakuandika 96. Aliandika: *Kurudi, haijulikani.* Mashine ikasoma, ikanguruma kidogo, taa ikawa nyekundu. Huko Ndulwe ndege iliyojaa ilizima injini zake.

Machibya aliingia bila kubisha. Alikuwa mtu mpole aliyevaa koti hata kwenye joto, na siku hiyo koti lilikuwa limefungwa vifungo visivyolingana.

"Bi Nyamizi, umefanya nini?"

"Nimeandika ukweli. Kwa mara ya kwanza."

"Unajua ndege ile imebeba nini."

Alijua. Ikanga ilikuwa na watu elfu sitini waliohamishiwa pale baada ya ziwa lao kukauka, na mwezi ule walikuwa na kipindupindu. Barabara ya kwingine haikuwepo. Dripu zote zilitoka Ndulwe, ndege moja kwa siku.

"Nipe siku nne, Mhandisi," alisema. "Njia ikiacha kukua watafika. Ni watu arobaini na wawili. Ni mimi niliyewaambia waje."

Machibya aliitazama taa nyekundu. Angeweza kumfukuza kazi, lakini cheti kilikubali mkono wa mpima aliyesajiliwa tu, na wapima wengine wawili walikuwa wamelazwa.

"Mimi nina wajukuu watatu kwenye yale mahema," alisema mwishowe, akatoka.

*

Siku ya kwanza dripu za akiba zilitosha. Siku ya pili, saa nne asubuhi, Nesi Mbuke alikuja ofisini na gauni lake lililolowa hadi magotini. Walikuwa wamesoma darasa moja. Hakumpigia kelele, alimshika tu mkono kama mtu anayempeleka mwenzake sokoni, wakatembea hadi hema namba saba.

"Sikuleti hapa kukusuta," Mbuke alisema. "Nimechoka tu kuona peke yangu."

Vitanda vilikuwa vya turubai vyenye tundu katikati na ndoo chini yake. Mama mmoja alikuwa akimnywesha mwanawe maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kijiko kwa kijiko, na mtoto alikuwa ameshaacha kumeza zamani. Maji yalitoka pembeni mwa mdomo na mama akayafuta kwa kiganja, akachota tena. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Yule ni Sayi," Mbuke alisema. "Jana jioni alikuwa anaimba. Wawili wa pale kona wameondoka alfajiri. Yule mzee naye hatafika mchana. Chupa moja tu, Nyamizi. Chupa moja kila mmoja, wangekuwa wanaomba uji saa hizi."

"Mdogo wangu yuko njiani."

"Najua."

"Ana mtoto wa miaka minne."

"Najua, mwenzangu. Mimi sina la kukushauri. Kama angekuwa wangu ningefunga vilevile, halafu ningejichukia." Mbuke aliikunja mikono yake iliyopauka kwa dawa. "Niambie tu watafika. Niambie hawa wamekwenda kwa sababu wale wanakuja."

"Watafika," Nyamizi alisema.

Aliporudi ofisini alinawa mikono nyuma ya tangi. Kisha akanawa uso na kuketi mbele ya redio. Alitaka kuisikia sauti ya Kabula tu. Alitaka imwambie kwamba mnara umekuwa mkubwa kidogo, walau kwa upana wa kidole, ili yule mama wa kijiko awe amepoteza kwa sababu fulani.

"Kabula, mdogo wangu, mko wapi?"

Kimya kilekile. Nyamizi aliutazama mshale wa sekunde kwenye saa ya ukutani kwa sababu hakuwa na pengine pa kutazama.

"Tunatembea," Kabula alijibu. "Mzee Ng'wandu kafunga kamba kwenye pipa, tunalivuta kwa zamu. Maji ya boza yamebaki robo. Watu wamepata moyo tangu uliposema umefunga. Mama Holo jana aliimba."

"Na mnara?"

Mshale ukatembea. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

"Nadhani umesogea. Limi anasema umesogea."

"Bado umenuna?"

Moja, mbili, tatu, nne, tano.

"Kununa? Dada, mimi sina nguvu za kununa. Mbona nakujibu papo hapo? Wewe ndiye unayekaa kimya, mpaka nadhani hutaki kuongea nami."

Nyamizi aliweka kidole juu ya kioo cha saa. Akamwuliza jina la paka waliyekuwa naye utotoni. Tano. Akamwuliza kama Limi amekula. Tano. Akamwuliza jambo la kipuuzi, kama mawingu yapo, na jambo gumu, kama mumewe bado anahara. Tano, na tano. Mtu aliyenuna hawezi kununa kwa kipimo hivyo, na mtu aliyechoka hachoki sawasawa kila mara. Siku tatu mfululizo muda ule ulikuwa umekua mara mbili, mara mbili tena, na tangu ujia ufungwe umesimama ukiwa vilevile.

Aliinuka akaenda kwenye kabati, akatoa kile kitabu cha Machibya, akafungua ukurasa wa mchoro. Mstari ulianza chini, ukalala kwa muda, halafu ukasimama wima kama ukuta. Njia haikuongezewa kitu kila ndege ilipopita. Ilijizidisha mara mbili. Tangu mlango wa kati ung'olewe zilikuwa zimepita ndege kumi na nne.

Hesabu aliifanya nyuma ya cheti cha siku ile. Sauti ya redio husafiri kilomita laki tatu kwa sekunde moja. Yake yeye ilikuwa ikienda kwao kwa njia fupi, ikifika bila kuchelewa. Ya Kabula ilikuwa ikirudi. Sekunde tano mara laki tatu ni kilomita milioni moja na nusu. Kwa mwendo wa kilomita thelathini kwa siku, bila kupumzika, bila kuugua, ni miaka mia moja thelathini na saba.

Akairudia akitumaini amekosea sifuri. Hakukosea. Siku Kabula alipofunga mzigo wake kule Mwasenga, njia ilikuwa tayari inapita kilomita mia saba. Siku Nyamizi alipoandika ukweli kwa mara ya kwanza maishani mwake, ilikuwa imeshapita mara tatu ya mwendo wa kwenda mwezini. Kufunga ujia hakukumwokoa yeyote. Sayi alikufa bure. Wawili wa kona na mzee wa hema namba saba walikufa bure, na aliyewaua si ndege wala ujia, ni yeye, kwa huruma yake.

Alilia kwa sauti, mikono kichwani, kama watu wanavyolia msibani, bila kujali nani anasikia. Machibya alisikia kutoka chumba cha pili. Alipoingia, Nyamizi alimsukumia karatasi ya hesabu. Machibya alisoma akiwa amesimama, kisha akatafuta kiti.

"Kwa hiyo hata tukifunga mwaka mzima," alisema.

"Hata karne."

"Bi Nyamizi." Alifungua vifungo vya koti, akavifunga upya. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi."

Akavuta cheti kipya, akaandika namba nne kwa mwandiko wake mzuri wa siku zote. Kilomita 96. Saa mbili. Taa ikawa ya kijani, na baada ya dakika kumi na moja ndege ikatua. Watu walikimbilia mlango wake kabla propela hazijasimama, wakapokezana maboksi ya dripu mikono kwa mikono hadi kwenye mahema. Nyamizi hakutoka nje. Alichukua cheti kingine, akakijaza, akaweka sahihi, na kingine, na kingine, mpaka vikafika thelathini, vya siku thelathini zijazo. Ulikuwa uongo mtupu na ulikuwa na sahihi yake.

"Vya nini vyote hivi?" Machibya aliuliza.

"Mpaka wenzangu wapone. Nitahitaji guta la idara, ile pikipiki ya mizigo, na mapipa mawili ya maji."

Alimwelewa mara moja. Macho yake yalijaa, akayageuzia dirishani.

"Maji yale yataisha. Nikimtuma dereva mwingine hatakubali, na sina haki ya kumlazimisha. Wajua hilo?"

"Najua."

"Hapa bado unahitajika."

"Hapa nahitajika niandike tisini na sita. Nimeshaandika."

*

Aliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Gurudumu la kupimia alilifunga juu ya mapipa kwa mpira. Mbuke alimletea mkoba wenye sukari, chumvi na pakiti za biskuti, akamkumbatia, na hakumwuliza tena kama watafika.

Njia ya kwenda ilikuwa njema. Ilikuwa ya vumbi jekundu na vichaka vya miiba, na kila kilomita ilikuwa na kigingi cheupe alichokipaka rangi yeye mwenyewe. Kigingi cha kumi, cha ishirini, cha thelathini. Kwenye kilomita ya thelathini na saba aliyaona Mawe ya Kulwa, na mbele yake kidogo, watu. Walikuwa wakija kumkabili, polepole, wamejipanga wawili wawili, wakivuta pipa kwa kamba, nyuso zote zikitazama juu ya kichwa chake. Guta lilikata umbali uliobaki kwa dakika mbili. Kwao alikuwa saa moja na dakika kumi kutoka Ikanga.

Kabula alimwona wa kwanza. Aliachia kamba.

"Dada!" Alikimbia vibaya, kwa unyayo mmoja uliofungwa kitambaa. "Dada, umekuja! Njia imefunguka?"

Sauti yake, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, ilifika bila kuchelewa. Nyamizi alimkumbatia, akaukuta mgongo wake umebaki mifupa. Wengine walimzunguka. Mama Holo alianza kigelegele, sauti ikakatika kwa ukame wa koo, akacheka. Mtu akikutokea kutoka uwanjani asubuhi ile ile, asiye na vumbi la siku nyingi, utafikiri nini tena? Mzee Ng'wandu peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma, kofia mkononi, akilitazama guta kwa jicho la dereva: ukubwa wa tangi lake, na kwamba halikuwa na dumu la akiba la kurudia.

"Shikamoo, mzee," Nyamizi alisema.

"Marahaba, mwanangu," alijibu, na namna alivyosema ilitosha kuonyesha kwamba ameelewa. Akaja kumsaidia kushusha mapipa.

Wakanywa. Watoto kwanza, kisha wagonjwa, kikombe kimoja kimoja, Ng'wandu akisimamia. Limi alikaa mapajani mwa mama yake mkubwa aliyekuwa hajamwona tangu mwaka jana, akala biskuti tatu, akanyoosha kidole. Nyamizi aligeuka. Mnara wa Ikanga ulikuwa pale juu ya kilima chake, wazi, unang'aa, karibu kiasi cha kumfanya mtu aone aibu kupumzika. Hata bendera ilionekana. Juu yake kitu kidogo cheupe kilijitokeza hewani, kikainama, kikashuka uwanjani. Ilikuwa saa mbili na dakika zake. Machibya alikuwa ameingiza cheti cha kwanza.

"Ile ndege," Kabula alisema taratibu. "Si ulisema umefunga?"

"Nilifunga. Nimefungua."

Kabula alimtazama. Safari hii alikaa kimya kweli, na Nyamizi hakuhesabu. Aliona mdogo wake akilitazama guta, akimtazama Ng'wandu, akimtazama Limi, halafu akirudi kwake.

"Basi umekuja kufanya nini, dada?"

Nyamizi alifungua mpira, akashusha gurudumu la kupimia. Aliinama akalipangusa vumbi, akabonyeza kitufe cha pembeni, na tarakimu zote zikarudi sifuri. Nyuma yake watu walikuwa wanainuka, wanajifunga vitenge, wanashika kamba ya pipa. Maji yaliwapa nguvu, na mnara ulikuwa pale pale mbele ya macho yao. Mama Holo alishaanza kuuliza nani atatangulia. Limi alishuka mapajani akashika mpini wa gurudumu kwa mikono miwili.

"Mama mkubwa," alisema, "imebaki ngapi?"

"Sijui, mama," Nyamizi alimjibu. "Njia ya kurudi hakuna aliyewahi kuipima."

Wakaanza kusukuma.